Nakijwa Anakwenda Mnadani na Mzigo wa Majani

Nafungua zizi.
— Fungua tuone.
Akitoka mweusi?
— Ni wetu.
Akitoka mwekundu?
— Ni wetu.
Na asipotoka?
— Tutamngoja.

Basi ngojeni vizuri. Sogeeni. Mwenye kukohoa akohoe sasa, maana nikianza sirudi nyuma.

Hapo kale, kale ile ambayo milima ilikuwa mingi na watu wa kuipanda wachache, aliishi mtu na mkewe huko juu Upare. Mume aliitwa Mbonea. Mke aliitwa Nakijwa. Mungu aliwapa binti mmoja, Naeti, ambaye siku hizo alikuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa, anakunywa uji mwembamba na kuutazama kama mtu aliyedanganywa.

Mlima wao ulikuwa mkali. Boga likikuponyoka mkononi, usihangaike kulifuata. Jirani wa chini ameshalibandika jikoni.

Shamba lao lilikuwa dogo, na udongo wake ulikuwa umechoka. Wakipanda migomba, inatoa ndizi kama vidole vya mtoto. Wakipanda maharage, yanatoa maua, halafu yanasahau yalitaka kufanya nini. Wakipanda mahindi, nyani wanakuja, wanatazama, wanaondoka kwa huruma.

Dawa ilikuwa moja, na kila mtu aliijua. Samadi. Samadi ya mbuzi walikuwa nayo, lakini ni kama chumvi ya kiganjani, inaisha kabla hujafika shimo la pili. Walihitaji samadi ya ng'ombe, na ng'ombe hawakuwa nao.

Nyie wa tambarare mnaonisikiliza, hapa mnivumilie kidogo niwaeleze. Kule mlimani ng'ombe haendi malishoni. Aende wapi? Akivuka mlango tu anateleza, anamwangukia mwenzake wa chini. Ng'ombe wa mlimani anakaa bandani, ubavuni mwa nyumba, na majani ndiyo yanayomfuata, kichwani mwa mama. Anakula hapo, analala hapo, na anachokiangusha kinabebwa asubuhi kwenda migombani. Ndivyo watu wanavyoishi kule.

Sasa hawa wawili walianza na mbuzi jike mmoja, zawadi ya baba yake Nakijwa. Mbuzi akazaa, watoto wakazaa, wajukuu wakazaa. Nakijwa akawakatia majani mvua ikinyesha. Akawakatia jua likiwaka. Akawakatia na mimba ya Naeti ikiwa tumboni. Mpaka likawa kundi la kutosha kubadilishana na ng'ombe. Ng'ombe wawili, si zaidi.

Mtaniuliza, kwa nini wawili, wasianze na mmoja? Kwa sababu ng'ombe wa peke yake hulia. Anaita wenzake asubuhi, anawaita mchana, anawaita jioni, na maziwa yanakauka kwa huzuni. Ng'ombe anataka kusikia mwenzake akicheua ubavuni. Kwa hiyo ni wawili. Na wakikosea hao wawili, basi. Mbuzi wameondoka, ng'ombe wamekufa, na Mbonea atarudi kulima mashamba ya watu, na Naeti atakua kwa uji ule ule.

Nakijwa akapiga magoti akasema, "Mungu wangu, mimi nina haraka na mume wangu ana macho ya tamaa. Tushike mkono sote wawili." Kisha akainuka, akamwambia mumewe, "Nenda mnadani ukatazame. Kutazama tu, Baba Naeti."

Mbonea akashuka. Akashuka, akashuka, mpaka miguu ikamtetemeka, mpaka akafika chini tambarare kwenye mnada wa mifugo. Vumbi. Mlio. Harufu. Na katikati ya vumbi alisimama dalali mmoja jina lake Chambuso. Mtu mrefu, fimbo begani, ulimi uliopakwa mafuta. Kila mtu kwake alikuwa shemeji.

"Shemeji, karibu. Dada yangu hajambo?"

"Dada yako yupi?" Mbonea akauliza.

"Huyo uliyemwacha nyumbani. Anakupikia vizuri, naona shavu limejaa. Njoo nikuoneshe kitu."

Akamwonesha ng'ombe wawili majike. Ndugu zangu, pembe. Pembe zimepanda juu, zikajipinda, zikatazamana. Nundu kama mlima juu ya mlima. Ngozi inang'aa. Mimi mwenyewe nikiona mnyama mnene akili hunitoka, Mungu anisamehe, kwa hiyo simcheki Mbonea. Macho yake yalikwenda kwenye zile pembe na hayakurudi.

"Hawa nawachukua," akasema.

"Lete mbuzi, shemeji, na Mungu akubariki."

Lakini kwao ilikuwapo desturi. Mbuzi aliyelishwa kwa majani ya mama hatoki nyumbani mpaka mama aseme. Mbonea akamwambia dalali amngoje, akapanda mlima karibu akimbie.

"Mama Naeti, nimewapata. Pembe zake nikikwambia hutaamini."

"Wanakula nini?" Nakijwa akauliza.

"Ng'ombe anakula majani."

"Majani yapi?"

"Majani, mke wangu. Ya kijani."

"Na ukimwekea ya kwetu, atayala?"

Mbonea akasema, "Kwa kweli sikumuuliza."

Siku ya mnada uliofuata Nakijwa akashika mundu. Akakata matete ya kwenye kingo za shamba. Akaongeza majani ya mgomba, akaongeza na majani ya viazi vitamu. Akayafunga mzigo, akakunja ngata, akajitwika, na kumpa mumewe Naeti ambebe. Akashuka akiimba:

*Shuka mzigo, shuka nami,*
*Mlima ndio uliotupa.*
*Atakayekula cha kwetu,*
*Huyo ndiye atakuwa wetu.*

Mnadani watu walimwona akitokea wakagusana mbavu. Mmoja akasema, "Huyu mama amekosea njia." Mwingine akasema, "Hajakosea. Amekuja na chakula chake, hataki kula kwa watu." Chambuso mwenyewe akaja mbio, fimbo begani.

"Shemeji, pole na mzigo. Huku tunauza ng'ombe. Majani yapo bure, tunayakanyaga."

"Naona," Nakijwa akasema. "Nioneshe ng'ombe wa mume wangu."

Akaoneshwa. Akazitazama zile pembe, na msimwone malaika, hata yeye moyo ulimruka. Akateremsha mzigo, akaufungua, akawawekea. Wa kwanza akanusa tete, akapiga chafya. Wa pili akalamba jani la mgomba, akalitema, akageuza uso kama mgeni aliyewekewa ugali wa jana.

"Wameshiba," Chambuso akasema upesi. "Wametoka malishoni sasa hivi."

Hapo Nakijwa, kwa ile haraka yake, akasema neno. "Basi nitarudi wakiwa na njaa."

Mmesikia alichofanya? Ametoa siri yake bure, kwa dalali, mchana kweupe. Chambuso akatabasamu. Akasema, "Rudi, shemeji. Utawakuta."

Nao walivyopanda mlima, Nakijwa hakuwa na habari ya alichokifanya. Chambuso alikuwa nayo. Siku ya kuamkia mnada wa tatu aliwafungia ng'ombe wake wenye pembe ndani ya boma lisilo hata na unyasi. Wakalia. Akawaacha walie. Wakatafuna miti ya boma. Akawaacha watafune.

Mnada wa tatu ukafika. Safari hii walishuka wote na mbuzi wote, na mzigo wa majani mkubwa kuliko ule wa kwanza. Nakijwa akaimba:

*Shuka mzigo, shuka nami,*
*Mlima ndio uliotupa.*
*Atakayekula cha kwetu,*
*Huyo ndiye atakuwa wetu.*

Chambuso akawapokea kwa mikono miwili. "Dada yangu, shemeji yangu, na mtoto wetu. Wekeni mzigo mwone."

Akawafungua wale ng'ombe, mmoja kwanza, halafu mwingine kwa zamu yake. Kila mmoja akala tete. Akala mgomba. Akala kamba ya mzigo. Nakijwa alikuwa ameweka ngata yake pembeni. Ng'ombe akaila na ngata.

Mbonea akacheka kwa furaha. "Umeona, Mama Naeti? Wamependa mpaka ngata. Sasa nifungue mbuzi?"

"Fungua, shemeji," Chambuso akasema. "Jua halimngoji mtu."

Mbonea akainama, mkono tayari kwenye kamba ya mbuzi wa kwanza.

Lakini Nakijwa alikuwa anaitazama ile sehemu ambayo ngata ilikuwapo. Ngata kuukuu, ya majani makavu ya mgomba, imejaa jasho la kichwa chake. Akajiuliza, mnyama gani anaila hiyo kwa kupenda? Akazunguka upande wa kushoto wa ng'ombe. Nyuma ya mbavu, pale panapojaa mnyama akishiba, palikuwa na shimo kama bakuli. Akazunguka kwa wa pili. Bakuli.

Ndipo akayakumbuka maneno yake mwenyewe, akaona aibu. Mdomo wangu huu, akasema moyoni. Mimi ndiye niliyemfundisha.

Angeweza kupiga kelele. Hakupiga. Akasema kwa upole, "Baba Naeti, kamba iache kwanza. Kaka Chambuso, wamekula vizuri. Lakini banda letu lina hori moja tu, jembamba. Watakula pamoja kila siku ya maisha yao. Hebu niwaone wakila pamoja."

"Ah, dada yangu, hayo mtayazoea huko huko."

"Nitayazoea nikiyaona."

Watu walikuwa wameshajaa. Dalali hawezi kukataa mbele ya watu kitu kidogo hivyo. Nakijwa akayalaza majani yaliyobaki kwa mstari mmoja mwembamba, sawa na hori lake, na wale ng'ombe wakaachiwa pamoja.

Njaa haina dada. Mmoja alishusha kichwa, mwenzake akamchoma ubavuni. Aliyechomwa akageuka na zile pembe zilizokuwa zikipendeza. Vumbi likapanda. Boma likalia kra, likalala chini. Chambuso akajitupa katikati na fimbo yake, akaenda nayo, fimbo ikarudi peke yake. Yeye alikuwa ameketi pale ambapo mtu hataki kuketi mnadani.

Watu wakacheka mpaka wakashikana. Mbonea hakucheka. Alikuwa anawatazama mbuzi wake, mmoja mmoja, kama mtu anayewaona mara ya kwanza.

Sasa tazameni hapa. Katika ule msukosuko majani yalirushwa, mengine yakaangukia pembeni kabisa ya mnada, chini ya mgunga. Pale walikuwa wamelala ng'ombe wawili ambao hakuna mtu aliyewauliza. Mmoja mzee kidogo, mwekundu, pembe moja imeelekea chini kama imesikia habari mbaya. Wa pili mtamba wa rangi ya majivu. Hawakuinuka. Walinyoosha shingo tu. Mwekundu akavuta tete kwa huku, wa majivu akalivuta kwa kule, wakatafuna mpaka pua zikakutana. Mwekundu akaachia. Wa majivu akamaliza. Kisha wakamtazama Nakijwa, wakangoja.

Nakijwa akawaendea. Upande wa kushoto, wamejaa. Hawa hawakuwa na njaa. Akawafungua midomo, meno yapo. Akashika chuchu za mwekundu, zote nne laini, na tumbo lilikuwa na ndama. Akatazama kwato, akatazama macho, akainama akatazama hata walichokiangusha.

"Hawa ni wa nani?"

Chambuso alikuwa anajifuta. "Ni wangu. Hao siwezi kukuuzia, dada. Ninyi ni watu wazuri."

Mchungaji wake mmoja, mtu mzima aliyekuwa akishikilia wale wenye pembe, akaguna. "Mwambie ukweli. Hao ni wavivu. Ukiwapeleka malishoni wanatembea kidogo, wanalala, wanangoja waletewe. Walizaliwa ndani ya nyumba ya mtu huko juu milimani, mwenyewe akafa, wakaletwa huku. Tangu wafike hawajajua majani yanafuatwa. Mimi mwenyewe nimechoka kuwakatia."

Chambuso akamkata jicho. Mbonea akamnong'oneza mkewe, "Umesikia? Wavivu."

Nakijwa alisikia. Moyo wake ulikuwa unapiga ngoma. Lakini uso wake ukawa kama mlango uliofungwa.

"Wavivu kweli?" akauliza, kwa sauti ya masikitiko.

"Kidogo tu, dada," Chambuso akasema, na macho yake yakaanza kung'aa upya, maana aliona mtu amekaribia mtego kwa miguu yake. "Wakizoea watatembea. Na kwa sababu ni wewe, acha mbuzi wako wachache wabaki. Sitaki wote."

"Unanionea huruma, kaka."

"Ni undugu, dada yangu."

Wakapeana mikono. Mbonea akafungua mbuzi huku akiwa na uso wa mtu anayezika. Chambuso alipogeuka kwa wenzake, alikuwa anauma mdomo asicheke.

Safari ya kupanda ilikuwa ndefu. Nakijwa mbele na majani aliyoyaokota mnadani kichwani, ng'ombe nyuma, Mbonea mwisho na mtoto mgongoni na mbuzi waliobaki. Walipofika kwenye mto, ng'ombe wakalala. Nakijwa akawapa majani, akaimba, wakainuka. Walipofika kwenye korongo, wakalala. Akawapa, akaimba, wakainuka. Walipofika kwenye mlima wenyewe, wakalala na majani yalikuwa yamekwisha.

"Mke wangu," Mbonea akasema, akaketi juu ya jiwe. "Mimi nilitaka pembe, nikakosea. Nakiri. Lakini wewe umenunua mawe."

"Baba Naeti, bandani kwetu ng'ombe atatembea kwenda wapi?"

Mbonea akafikiri.

"Atakula wapi?"

Mbonea akafikiri.

"Na nani atampelekea?"

Mbonea akainuka. Akamkabidhi mtoto. Akachukua mundu, yeye mwenyewe, mwanamume mzima mbele ya wapita njia, akaenda kukata matete kingoni. Akarudi na mzigo kichwani umekaa upande, na akaimba yeye, sauti kama chura:

*Panda mzigo, panda nami,*
*Mlima ndio uliotupa.*
*Hawa wanakula cha kwetu,*
*Hawa tayari ni wetu.*

Wakainuka. Wakapanda. Wakaingia bandani wenyewe, wakalala ubavu kwa ubavu, wakaanza kucheua, kama watu waliorudi kutoka safari mbaya.

Mvua zikaja, zikaenda. Mwekundu akazaa. Naeti akanywa maziwa, akauangalia ule uji, akauacha. Samadi ikaenda migombani kila asubuhi. Udongo ukawa mweusi. Mgomba ukatoa mkungu, mkungu ukainamisha mgomba, Mbonea akakata mti wenye panda akauegemeza, na mkungu ukauinamisha na mti.

Lakini Nakijwa hakuwa na raha kamili. Kila alipokamua alisikia kitu rohoni. Mwishowe akajaza kibuyu maziwa, akampa mtu aliyekuwa akishuka ampelekee Chambuso, na neno moja: "Njoo uone ndugu zako."

Chambuso akapanda. Kwa mara ya kwanza maishani mwake akapanda mlima ule, akafika pumzi ikiwa mkononi. Akawakuta wale wawili wamelala, wamenenepa, wanatafuna.

"Nani anawachunga?" akauliza.

"Hakuna."

"Nani anawatembeza?"

"Hakuna."

"Sasa wanafanya kazi gani?"

Nakijwa akamshika mkono, akampeleka nyuma ya nyumba, akamwonesha ule mkungu.

Chambuso akautazama muda mrefu. Kisha yule mwenye ulimi wa mafuta akaketi chini. Akasema, "Dada, mimi niliwafungia wale wengine bila majani ili wale chako. Na hawa niliwauza nikijua watu wamewakataa. Nilicheka wiki nzima."

"Na mimi," Nakijwa akasema, "nilijua ninachokichukua, nikakuonesha uso wa huzuni ili uniachie mbuzi. Nimekuita ili niseme hilo, nikamue kwa amani."

Wakatazamana. Mbonea, aliyekuwa mlangoni, akasema, "Mimi ndiye niliyependa pembe tu." Hapo wakacheka wote watatu, na Chambuso akaletewa maziwa, akanywa, akaongezwa, akanywa.

Alipotaka kuondoka akasimama mlangoni, akikuna kichwa. Kule mlimani mtu huweza kuweka ng'ombe wake kwa mwenzake: anayetunza anapata maziwa na samadi, na ndama wanagawana. Chambuso alikuwa amesikia habari hiyo.

"Dada yangu," akasema, na safari hii alilisema neno hilo polepole. "Nikuletee mmoja unitunzie?"

"Mlete," Nakijwa akasema. "Lakini nitamchagua mimi."

Ngano yangu imekunywa, imeshiba, imelala. Mwenye banda na aichukue akaikatie majani. Mimi nilipita pale nikapewa kikombe, na povu lake bado liko mdomoni. Ambaye haamini asogee atazame.